Mbwa wa Ndani

Nilivua gambuti saa kumi na moja jioni,
tope la Isongole bado limenishika vifundo.
Nikaosha mguu wa kulia, nikaosha wa kushoto,
likatoka lote
ila kidogo, unyayoni, karibu na kidole gumba.
Nikasugua kwa gunzi.
Halikutoka.
Lilikuwa na rangi ya zambarau iliyokanyagwa.

Miaka minne kabla ya doa hili
Gwakisa, kitinda mimba wetu, alilala kitanda cha pili, Dodoma,
akaamka na kovu, mimi nikaamka na figo.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu hakungoja ya tatu. Jembe alilikuta mlangoni,
na kabla sijafumbua macho sawasawa
muuguzi alikuwa anaushangilia mkojo kwenye mfuko
kama watu wanavyoshangilia mvua ya kwanza.

Lakini mwili una mbwa wake.
Wangu hakumjua mgeni, akanguruma.
Ndipo nikapewa vidonge vya kumlaza,
saa mbili asubuhi, saa mbili usiku.
Simu inalia shambani, inalia kanisani,
ililia siku tunamzika shangazi Tupokigwe,
nikameza kwa mate, ukingoni mwa kaburi.
Lala, mbwa. Huyu ni damu yetu.
Akalala.
Mgeni akalima.

Hakuna aliyenificha, niseme kweli.
Waliniambia mapema, na karatasi nikaitia sahihi:
mbwa aliyelazwa kwa ajili ya mgeni
amelala kwa ajili ya mwizi pia.
Nikaitikia kwa kichwa. Nani angekataa,
mtu wa miaka thelathini na nne, anayefungwa kwenye mashine
mara tatu kwa wiki, basi la alfajiri kwenda Mbeya,
kurudi na ladha ya sarafu mdomoni?
Ningetia sahihi hata ukutani.

Basi pale Rufaa wakakata kipande, kama punje ya ulezi,
kikasafiri ndani ya kichupa.
Wiki tatu. Viazi vikachimbwa, magunia yakashonwa,
lori likaondoka, bei ikashuka.
Jibu likarudi: saratani.

Dakta Mwaisumo, kijana,
ana kalamu mbili mfukoni na zote hazina wino,
akasema, tutampunguzia mbwa usingizi.
Akiamka kidogo huenda akamfukuza mwizi.
Nikauliza: na mgeni?
Akatazama dirishani. Ukungu ulikuwa umemeza Loleza yote.
Tutapima, akasema. Kila wiki mbili tutapima.

Gwakisa hupiga simu Jumapili.
Huuliza habari za figo kama mtu aliyeazimisha mbuzi:
inakula? inalala?
Namjibu, inakojoa, bwana, njoo uichukue,
tunacheka.
Jumapili hii nilicheka kabla hajauliza,
akanyamaza.
Nilisikia kuku wake, nikasikia mtu anapasua kuni.
Halafu: Dada, nilikupa. Sikukukopesha.
Usiilinde kwa ajili yangu.
Nikasema ndaga, nikakata simu,
kisha nikampigia tena kumwuliza bei ya mbolea.

Sasa kidonge cheupe nakimega kwa wembe, kama nilivyoagizwa.
Nusu naimeza. Nusu naiweka kwenye kiberiti kitupu,
sijui ya nini;
mkono wangu haujazoea kutupa mbegu.
Usiku nawasha tochi, nainua unyayo.
Doa halijakua. Au limekua,
kivuli cha kidole kinadanganya.
Naweka kiganja juu ya kovu, pale tumbo linapovimba kidogo,
penye joto.
Amka, namwambia. Jicho moja tu.
Mnuse vizuri yule anayelima.

Nje baridi ya Juni inababua majani ya viazi vya mwisho,
na mbwa wa jirani, mbwa wa kweli, mwenye kupe,
anabweka upande wa barabara,
anabweka, ananyamaza, anabweka,
na mimi sijui anayepita ni nani.